Nafasi ya Onesmo

"Hongera," Onesmo alisema, akamwekea Milembe funguo za karakana kiganjani.

Hakutabasamu. Hakumgusa vidole kwa siri, kama alivyozoea kufanya nyuma ya ukuta wa stoo, pale ambapo kelele za mashine za kuchambua pamba zilimeza kila neno. Aligeuka, akakata uwanja wa marobota ya pamba, akapita getini, akaondoka.

"Hongera ya nini?" Milembe aliita. "Onesmo! Hongera ya nini?"

Hakugeuka. Vibarua waliokuwa wakipakia marobota waliacha kazi wakamtazama Milembe, halafu mmoja mmoja wakatazama chini.

Wiki nzima kile kiwanda cha pamba cha Bariadi kilikuwa kimekaa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu waliongea kwa sauti ya chini hata mashine zikiwa zimezimwa. Mvua ilikuwa imekatika mapema, pamba ikaja kidogo, na malori yaliyozoea kujipanga hadi barabarani sasa yalikuja moja moja kama wageni waliochelewa harusi. Kampuni ilikuwa kubwa, ina viwanda mikoa kadhaa na makao makuu Dar es Salaam. Huko huko makao makuu wakamtuma bwana mmoja aitwaye Salvatory aje apunguze wafanyakazi. Alikaa chumba cha mikutano, akawaita mmoja baada ya mwingine. Mtu aliingia fundi, akatoka mtu tu.

Milembe alikuwa ameshafunga begi lake. Yeye alikuwa fundi umeme wa mkataba wa msimu, na alijua upepo ukivuma watu wa mkataba ndio wanaopeperuka kwanza. Kwa Onesmo hakuwa na hofu hata kidogo. Onesmo ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana ya umeme, mtu wa ajira ya kudumu, aliyeingia pale kabla hajaota ndevu. Ndiye aliyempokea Milembe msimu wake wa kwanza. Siku Milembe alipokosea kuunga nyaya mbele ya meneja, Onesmo hakumkaripia. Alisubiri meneja aondoke, akasema tu, "Tufungue, tuanze upya." Ni siku hiyo Milembe alipoanza kuchelewa kwenda nyumbani bila sababu.

Na sasa mambo yalikuwa yamefika mbali. Jumamosi ile wazee wa upande wa Onesmo walitakiwa kwenda Lingeka, kwa Mzee Ndalahwa, baba yake Milembe, kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Mzee Ndalahwa hakuwa mtu wa kukubali upesi. Alipokubali, alitoa sababu moja tu: "Kijana ana ajira ya kudumu. Hapo sina neno."

Milembe alikuwa bado amesimama na zile funguo alipoitwa chumba cha mikutano.

"Kaa, dada Milembe," Salvatory alisema. Alikuwa kijana tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Sitakuzungusha. Karakana ya umeme tunaifunga kama idara. Lakini mashine haziwezi kubaki bila fundi. Tunakuongezea mkataba. Utafanya kazi yako na ya Onesmo."

Milembe alizikaza funguo kiganjani.

"Na Onesmo mwenyewe?"

"Nimeshaongea naye asubuhi. Nilimuuliza nani anaweza kuzishika zile mashine akiondoka. Akakutaja wewe."

"Alinitaja mwenyewe?"

"Alikaa kimya kidogo, halafu akasema jina lako. Hakutaja mwingine."

Milembe alitazama dirishani. Getini hapakuwa na mtu.

"Naomba nikujibu kesho kutwa, bosi."

"Wenzako wangesaini sasa hivi."

"Najua. Naomba kesho kutwa."

Salvatory alifikicha macho. "Sawa. Na usiniite bosi, dada. Mimi mwenyewe ni mtu wa mkataba. Nikimaliza kuwaondoa watu wa viwanda vyote, naondoka na mimi."

Jioni Milembe alipiga simu ya Onesmo. Ilikuwa imezimwa. Alipiga tena, na tena. Alipofika chumbani kwake alikaa kitandani bila kuvua viatu, akilirudia lile neno moja, hongera, kila mara likimchoma mahali tofauti. Je, Onesmo alimchukia sasa? Mtu anaweza kukutaja kwa kinywa chake na kukuchukia kwa kinywa hicho hicho?

Asubuhi alipanda pikipiki kwenda Mwamapalala, nyumbani kwa mama yake Onesmo.

* * *

Mama Onesmo alikuwa shambani anang'oa miti ya pamba ya msimu uliopita, anairundika ili ichomwe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Alimwona Milembe tangu mbali. Hakunyoosha mgongo.

"Mwadila, mayu," Milembe alimsalimia mama kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo.

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola, hiyo amani, itoke wapi?" Mama aling'oa mti mwingine, akaukung'uta udongo. "Mwanangu karudi jana kama mtu aliyetoka msibani. Chakula hali. Nikamuuliza, nani kakupokonya kazi? Akanyamaza. Nikamuuliza nani kapewa nafasi yako? Akasema Milembe. Nikadhani sikusikia vizuri. Milembe yupi? Huyu huyu tunayemtolea ng'ombe?"

"Sijaipokea bado, mayu."

"Bado. Kwa hiyo utaipokea."

Milembe hakutaka kumdanganya. Akaweka mkoba wake chini, akainama, akashika mti wa pamba kwa mikono miwili, akavuta. Ardhi ilikuwa imekauka, mti ukagoma. Akavuta tena, ukatoka na vumbi likamrukia usoni. Akaenda kwenye mti uliofuata.

"Sijakuomba unisaidie," mama alisema.

"Najua."

"Utaharibu hivyo viatu."

"Vitafutwa, mayu."

Waliendelea kung'oa. Mama alitangulia, Milembe akafuata mstari wa pembeni, jua likiwachoma shingo. Mikono ya Milembe ilizoea bisibisi na koleo, haikuzoea kazi ile, na baada ya muda kiganja kilianza kuwaka. Hakusimama. Walipofika mwisho wa shamba mama alimtazama kwa mara ya kwanza usoni, akaona vumbi, akaona na njia mbili za machozi zilizopita katikati ya vumbi.

"Yuko lamboni," mama alisema. "Ananywesha ng'ombe. Nenda kabla sijabadili mawazo."

* * *

Lambo lilikuwa limepungua, maji yamerudi katikati, na kingo zake zimepasuka. Ng'ombe walikuwa wameinamisha vichwa wanakunywa. Onesmo alisimama na fimbo begani, mgongo kwa njia, lakini Milembe alijua amemsikia, maana mabega yake yalibadilika.

"Umekuja," alisema bila kugeuka.

"Simu umezima."

"Nimezima."

"Ili nisikupate?"

"Ili nisikusikie ukinionea huruma."

"Nani kakwambia nimekuja kukuonea huruma?" Sauti ya Milembe ilipanda hadi ng'ombe mmoja akainua kichwa. "Nimekuja nimekasirika! Umenipa funguo kama mtu anayetupa taka. Mbele ya watu. Mtu unayempenda unampa habari au unampa funguo, Onesmo?"

Ndipo alipogeuka. Milembe alikuwa amejiandaa kukutana na uso wa hasira. Hakuukuta. Alikuta macho ya mtu ambaye hakulala, yaliyomtazama kwa njaa na aibu pamoja, kana kwamba kumwona tu ni jambo zuri asilostahili. Hasira ya Milembe ikaanza kumponyoka, akaishikilia kwa nguvu.

"Ningekwambia nini?" Onesmo alisema polepole. "Wameniita. Wakanipa maji ya chupa. Wakaniambia asante kwa utumishi wako. Halafu yule bwana akaniuliza nani anaiweza kazi yako. Milembe, nilitaka kusema hakuna. Neno lilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Nilitaka wazime mashine zote wakose mtu, wanitafute. Kumbe nakaa kimya, najua kabisa kwamba yupo mtu, na mtu huyo ni wewe."

"Na ukanitaja."

"Nikakutaja. Nikatoka pale najivunia wewe na najionea uchungu mwenyewe, vyote kwa wakati mmoja. Nikakuona umesimama pale karakana, unanichekea kwa furaha kama kila siku, hujui lolote. Nikashindwa. Ikatoka hongera."

Milembe alisogea hatua. Onesmo hakurudi nyuma.

"Jumamosi sitakwenda Lingeka," Onesmo aliendelea, sauti imeshuka. "Mwambie baba asiandae kitu. Nitakaa mbele ya mzee niseme mimi ni nani? Alinikubali kwa sababu ya kazi. Kazi haipo. Subiri nitafute nyingine, nikisimama vizuri ndipo nitakuja."

"Nisubiri."

"Nakuomba."

Milembe alikaa chini pale pale kwenye udongo. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Onesmo, unafikiri mimi naishije?"

"Unauliza nini?"

"Nakuuliza. Tangu nitoke chuo cha ufundi sijawahi kulala nikajua msimu ujao nitakuwa wapi. Nimefanya mgodini Geita, wakapunguza watu, nikaondoka. Nimefanya kiwanda cha mafuta Mwanza, wakapunguza, nikaondoka. Kila mara narudisha ovaroli ya watu, nasema asante, napanda basi. Pale kwetu, ninyi wa kudumu mna meza yenu ya chai. Sisi wa mkataba tunakunywa tumesimama. Kitambulisho changu kina rangi yake. Hukuwahi kuona?"

"Niliona."

"Ulinipenda nikiwa hivyo hivyo?"

"Nilikupenda."

"Uliniambia nisubiri mpaka nipate ajira ya kudumu ndipo unipende?"

Onesmo alichomeka fimbo ardhini, akaikazia macho.

"Sasa wewe yamekupata mara moja tu," Milembe alisema, na machozi yakaanza tena, "unataka kunifungia mlango. Mimi yamenipata kila mwaka. Njoo ukae, nikuonyeshe watu wanavyoishi."

"Ni tofauti. Mimi ni mwanaume."

"Mwanaume ni jina la kazi?"

Onesmo alitaka kujizuia, Milembe alimwona akitaka, lakini kicheko kilimtoka kifupi, cha puani, na kikavunja kitu kilichokuwa kimemkaza tangu jana. Akakaa. Akakaa karibu kiasi kwamba bega lake liligusa la Milembe.

"Mikono yako imefanya nini?" Onesmo aliuliza, akaichukua.

"Nimeng'oa pamba na mama yako."

"Kakuacha ushike shamba lake?" Alikifungua kiganja cha Milembe, akaona malengelenge, akapuliza polepole kama anavyopulizwa mtoto. Milembe alifumba macho. Joto la pumzi ile lilimpanda mkono mzima hadi moyoni.

"Nitasaini," alisema, macho bado yamefumbwa. "Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla sijasaini. Sikuja kuomba ruhusa."

"Saini. Ungekataa kwa ajili yangu, ningeona umenizika."

"Na wewe?"

Onesmo alitazama ng'ombe. "Jana nimerudi, jirani akaniomba nimtazamie pampu yake ya sola. Nikaitengeneza. Leo asubuhi akaja mwingine. Wanasema kuanzia hapa mpaka kule Bukundi pampu zimekufa visimani, wanangoja mafundi kutoka Mwanza, hawaji. Sijui, Milembe. Sijui kama ni kazi au ni kupoteza muda."

"Hujui."

"Sijui."

"Karibu kwetu," Milembe alisema, na safari hii walicheka wote.

* * *

Walikuta mama ametandika mkeka kivulini nyuma ya nyumba, ameweka bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Hakusema karibu. Alisukuma bakuli upande wa Milembe kwa kiwiko, akaendelea kuchambua nsansa zake, majani makavu ya kunde.

Kabla Milembe hajanawa, simu yake iliita. Jina la baba yake. Ile simu ilikuwa na tatizo lake, bila kuweka spika husikii kitu, na pale hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Akapokea.

"Mwadila, baba."

"Milembe, nimesikia mambo." Sauti ya Mzee Ndalahwa ilijaa ua mzima. "Kijana kaondolewa kazini. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi Jumamosi wasije. Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini sikuuza ng'ombe nikakusomesha ufundi ili ukalishe mwanaume asiye na kazi. Umenielewa?"

Onesmo alinyanyuka. Milembe alimshika mguu wa ovaroli asiondoke. Ndipo mama Onesmo alipoweka nsansa chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Lete hiyo simu."

"Mayu, tafadhali..."

"Lete, ng'wanone."

Ng'wanone. Mwanangu. Milembe alimpa simu bila kujua amempa.

"Baba Milembe, mwadila. Ni mimi, mama wa huyo aliyeondolewa."

Kwa adabu ya kulazimishwa mzee akajibu, "Mwadila, mama. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Nina swali. Siku unamwoa mama yake Milembe ulikuwa na kazi gani?"

"Mimi? Tulikuwa na ng'ombe."

"Wa kwako?"

"Wa... wa mzee wangu."

"Kumbe hata ng'ombe hukuwa nao."

"Mama, zamani ilikuwa zamani."

"Sikiliza, baba. Mimi nimelima pamba tangu usichana wangu, na mvua haijanipa ajira ya kudumu hata mwaka mmoja. Mwaka huu imenipunguza kama walivyompunguza mwanangu. Nimekufa? Sasa nikwambie habari za binti yako. Leo kaja mwenyewe, kaniangalia usoni, wakati angeweza kujificha Bariadi. Kang'oa pamba yangu na viatu vya mjini mpaka mikono imechubuka. Nilikuwa nimeapa sitampa hata maji ya kunywa. Ukikataa ng'ombe wetu, mimi naye tutakaa hivi hivi, bure."

"Unaninyang'anya mtoto?"

"Nakunyang'anya."

Kulikuwa na sauti ya mtu kukohoa kule Lingeka. Halafu kikohozi kikawa kicheko, kicheko cha mzee asiyetaka kucheka.

"Huyo kijana yupo hapo?"

"Nipo, mzee," Onesmo alisema. Akasogea karibu na simu. "Nipo. Shikamoo."

"Marahaba. Utamlishaje binti yangu?"

Onesmo alimtazama Milembe.

"Kwa sasa, mzee, ana kazi yeye. Mimi natengeneza pampu za visima. Zikiwa nyingi tutakula vizuri, zikiwa chache tutakula michembe. Sitakudanganya ili unipe."

Mzee Ndalahwa alikohoa tena.

"Mimi nina pampu," hatimaye alisema. "Imelala mwaka wa pili. Jumamosi njooni. Kijana aje na vyombo vyake. Ila mama, wewe baki nyumbani. Ukija wewe nitatoa binti na nitoe ng'ombe juu yake."

"Nitakuja," mama Onesmo alisema, akakata simu, akamrudishia Milembe. Kisha akasogeza bakuli tena, safari hii kwa mkono. "Kula. Maziwa yanapata joto."

* * *

Onesmo alimsindikiza hadi barabarani kabla jua halijashuka. Njia ilikuwa nyembamba, wakatembea mmoja nyuma ya mwingine, halafu ilipopanuka wakashikana mikono kwa tahadhari, kwa ajili ya malengelenge.

"Mashine ya mwisho, ile ya upande wa ghala," Onesmo alisema ghafla, "mota yake inapata moto upesi. Usisubiri ikuonye. Ipumzishe mchana. Na wale vijana wa zamu ya asubuhi ukiwaambia kwa upole wanakusikia, ukifoka hawasikii."

Alikuwa anamkabidhi kazi yake. Milembe aliielewa gharama ya kila neno, akamwacha aseme yote hadi mwisho, akitikisa kichwa kama mwanafunzi. Onesmo alipomaliza alikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

"Asante, fundi," Milembe alisema.

Pikipiki ilionekana kwa mbali, vumbi nyuma yake. Onesmo alimvuta kidogo, akaweka paji la uso wake kwenye la Milembe, kwa muda mfupi tu, maana ilikuwa barabarani na Mwamapalala ina macho.

"Milembe."

"Nini?"

"Jumamosi nivae nini? Mashati yangu yote yana jina la kampuni."

Milembe alicheka, akapanda pikipiki, na dereva alipokuwa anawasha akamgeukia yule mwanaume aliyesimama kwenye vumbi na ovaroli yake ya jana.

"Nitakununulia Bariadi," alisema. "Lisilo na jina la mtu."